Simu Mfukoni, Ndugu Kando Yako

Somo: 1 Wakorintho 8



Sisi wa Kisarawe tumezoea kuona ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Julius Nyerere. Tena siku hizi wapo wa kwetu, Kibaha na Kisarawe, wapandao ndege kwenda Mwanza, Mbeya au Unguja. Kila abiria huambiwa azime simu, au abonyeze ile alama ya kindege. Wengine hutii. Wengine huificha mfukoni ikiwaka, wakisema, "Simu moja itaangushaje ndege?"

Je, hawana hoja? Wanayo. Mwaka 2008 shirika la Emirates liliruhusu abiria kupiga simu angani, katika ndege iliyofungwa mitambo maalumu. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu vifaa vya mkononi kutumika safari nzima, mradi mawasiliano ya mtandao wa simu yazimwe. Kwa nini basi yazimwe? Mmepata kusikia kanisani, simu ikiwa karibu na kipaza sauti, ule mkwaruzo unaotangulia mlio wake. Mkwaruzo kama huo waweza kuingia masikioni mwa rubani wakati asikilizapo maagizo ya waongoza ndege. Huenda asipate neno moja, nalo ndilo alilolihitaji.

Wakristo wa Korintho nao walikuwa na hoja. Walijua kwamba sanamu si kitu, na nyama ni nyama tu. Paulo hakuyakanusha maarifa yao. Aliwaonyesha ndugu aliye dhaifu, akawa tayari kuacha nyama kabisa kuliko kumkwaza huyo ambaye Kristo alimfia.

Ndugu, ndani ya ndege hakuna anayekupekua mfuko. Hapo ndipo upendo hupimwa. Mama aketiye kando yako, apandaye mara ya kwanza, akiiona simu yako inaita, hofu itamshika hadi mwisho wa safari. Wewe wajua mengi, je, wampenda?

Nawe usiyepanda ndege, usijihesabie haki. Dereva aongeaye na simu katika barabara ya Morogoro, huku amebeba roho za watu, ajiulize lilo hilo. Hapo hatari si mkwaruzo tu, ni mauti.

Bwana atujalie kutumia uhuru wetu kwa kumjenga jirani. Amina.