Ua Huu na Ua Hili

Kiswahili kimeyapa mambo mawili jina moja: ua umzuiao mtu asipite, na ua livutalo macho. Kinachoyatenganisha ni ngeli tu: ua huu, ua hili. Mashambani Uingereza mambo hayo mawili huota katika shina moja.

Huko, mapukutiko yaanzapo mwezi wa Septemba, huanza msimu wa kupanda miche ya ua. Hewa imepoa, lakini udongo ungali na joto la kiangazi. Mche hulala juu huku mizizi ikifanya kazi chini, hata baridi kali ije iukute umekwisha shika. Miche iliyong'olewa kitaluni bila udongo hungoja kwanza majani yapukutike. Hupandwa mitano kwa kila mita, safu mbili za kupishana. Mti upendwao zaidi ni hothoni: miiba yake huzuia ng'ombe, na ifikapo Mei huvaa maua meupe.

Atazamaye hayo atasema ni kazi ya heri. Hata hivyo, nyingi katika nyua hizo zilianza kwa dhuluma. Katika karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipitisha sheria kwa maelfu za kugawa ardhi ya pamoja na kuizungushia ua. Mkata aliyezoea kuchunga ng'ombe wake mmoja na kuokota kuni alikuta njia imefungwa. Hata aliyepewa kipande alitakiwa kukizungushia ua kwa gharama yake; wengi walishindwa, wakauza.

Kijiji cha Helpston kilifikiwa na sheria hiyo mwaka 1809. Hapo alikuwapo kijana John Clare, mwana wa kibarua, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri. Alizilalamikia nyua katika tungo zake. Na kwa kutafuta riziki, aliajiriwa kuzipanda. Baadaye akawatungia mashairi ndege wajengao viota humo.

Je, alijipinga? La. Njaa haimpi kibarua nafasi ya kuchagua jembe, na ndege hana hatia ya mwenye shamba. Clare aliliona ua hili bila kuusamehe ua huu.

Wapo wasemao kwamba wakati hutakasa kila kitu. Baada ya mwaka 1945 nyua nyingi ziling'olewa ili mashine kubwa zipite, hata mwaka 1997 ikawekwa sheria ya kuzilinda. Lakini zilipong'olewa, mkata hakurudishiwa malisho. Shamba la tajiri lilipanuka tu, na ndege akakosa kiota. Kumbe kung'oa si kurejesha haki, kama kuchanua kusivyokuwa kulipa deni.

Lililobaki ni kuutunza ua na kuihifadhi habari yake, moja lisimeze jingine. Naye apandaye mche leo aulizwe mambo mawili: utachanua lini, na lango liko wapi.