Kukawia kwa Amasa

2 Samweli 20:4–13

Vita vya Absalomu vilipokwisha, ilhali matanga ya mwanawe yangali moyoni, mfalme Daudi alimwuzulu Yoabu, jemadari aliyemwua kijana yule kinyume cha amri, akamweka mahali pake Amasa, ambaye jana tu alikuwa akiliongoza jeshi la waasi. Na kabla Amasa hajauzoea wadhifa wake, Sheba mwana wa Bikri akapiga tarumbeta ya uasi mwingine, ikambidi jemadari mgeni awakusanye watu wa Yuda kwa muda wa siku 3. Akakawia.

Neno hilo moja limenisumbua tangu masika yaliyopita. Wahubiri wetu hulipita mbio, waufikie upanga wa Yoabu penye jiwe kubwa la Gibeoni, ambao kwa hakika ni rahisi kuuhubiri. Maana ni nani miongoni mwetu aliyepata kumshika nduguye ndevu kwa mkono wa kuume ili ambusu, na kwa mkono wa pili akamtumbua? Kila mtu hutoka kanisani salama.

Maandiko hayasemi kwa nini Amasa alikawia. Yamkini alikuwa mzembe. Yamkini watu hawakumwamini. Mimi nina dhana nyingine, wala sikuitoa kwa wafasiri. Angalia kwamba mfalme, alipoona siku zinapita, alimtuma Abishai, na jina la Yoabu hakulitaja kabisa; hata hivyo wa kwanza kutajwa miongoni mwa waliotoka mjini wanaitwa watu wa Yoabu. Wadhifa ulikuwa umehamishwa, lakini njia, majina, na utii wa watu vilibaki kwa mwenyewe wa zamani, naye hakuombwa wala hakutoa.

Mafuriko yalipoingia mtaani kwetu, nilikuwa katika mwaka wa 9 wa uenyekiti wa kamati ya misaada ya usharika, na mchungaji, kwa sababu ambazo hata leo sizikubali, akaniondoa maji yakiwa magotini, akampa kazi hiyo mwana wa dada yangu. (Yoabu na Amasa nao walikuwa wana wa madada, na mfalme ni mjomba wao, fitina za jamaa hazihitaji kutafutiwa mfano mbali.) Nilimpongeza mbele ya madhabahu, mkono wangu wa kuume ukiwa begani mwake. Daftari la kaya, lenye majina ya wajane na wagonjwa, na vichochoro vya kuwafikia barabara ikizibwa na maji, lilikuwa sandukuni mwangu. Hakuliomba, kwa kuwa hakujua kama lipo; nami sikumwambia, nikajihesabia kuwa ni insafu kwamba walau sikumdanganya.

Akakawia. Siku 3 unga ulikaa ghalani, watu wakanung'unika, nami nikawa wa kwanza kusikitika hadharani juu ya taksiri za vijana.

Usiku wa 4 niliisoma sura hii kwa nia mbaya, nikitafuta faraja ya kumwona mfalme amekosea kuchagua, hata nikafika pale ambapo jeshi zima linasimama njiani, kila ajaye akikwama penye maiti ya Amasa, mpaka mtu mmoja asiyetajwa jina akamwondoa, akamtia shambani, akamfunika nguo. Nilisoma hapo mara mbili. Kisha nikafungua sanduku, nikakunja suruali, nikatoka.

Alilipokea daftari kwa mikono miwili. "Shikamoo, mjomba. Karibu ndani." Hakuniuliza lilikuwa wapi. Akapandisha utambi wa taa, akaniomba nikae nimsomee, kwa kuwa hati yangu ni mbaya. Jina la kwanza lilikuwa la bibi mmoja wa ng'ambo ya korongo, asiyeweza kutembea. Akaandika kando yake kwa kalamu ya risasi: siku 4.