Nuru Haikuinama

Katika darasa la kipaimara ninalofundisha Jumamosi hapa Heru Juu, binti mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama nuru haina uzito, jua linaishika wapi hata liipinde?" Kabla sijajibu, mzee wa kanisa aliyeketi mlangoni akasema nuru huinama kwa kuwa imeamriwa, kama watu wa hapa walivyomwinamia Mwami, chifu wao wa jadi. Ni rika la baba yangu. Nilisema, "Ndiyo, mzee," nikafuta ubao. Lakini sikukubali.

Siku za kazi nafundisha fizikia. Kwa Newton, mvutano ni kama kamba ya ng'ombe: kitu hukivuta kingine. Mwaka 1915 Einstein aliiondoa kamba. Kitu kizito hupinda nafasi na wakati wenyewe, na nuru hupita humo kwa njia iliyonyooka kuliko zote. Atokaye kwetu kwenda Kasulu mjini kwa miguu hufuata mgongo wa kilima. Ukimchora kwenye karatasi, amepinda. Yeye hakukata kona; ndivyo nchi ilivyolala.

Jambo hili lilipimwa tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa. Kivuli cha mwezi kilivuka Atlantiki na Kongo, kikapita kusini mwa Ziwa Tanganyika. Mwanaastronomia Arthur Eddington alikuwa kisiwani Principe, wenzake Sobral, Brazili. Nampenda Eddington. Alikuwa Mwingereza wa Kanisa la Marafiki, ambaye kwa imani yake hakukubali kushika silaha, na miezi michache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa akipima wazo la Einstein, mtu wa Berlin. Nyota zilizo kando ya jua zilionekana zimesogea. Kwa hesabu ya Einstein, ukigawanya digrii moja mara 3,600, nuru inayopita ukingoni mwa jua hupinda vipande 1.75: upana wa sarafu ukiitazama kutoka kilomita 3. Hesabu ya kumfuata Newton hutoa nusu tu. Vipimo viliegemea kwa Einstein.

Basi nyota ilionekana mahali ambapo haikuwepo. Muumba alitudanganya? Nuru ilifika salama, haikuongeza neno. Sisi ndio tuliodhani kwamba kati yetu na nyota hakuna kilima.

Mama yangu alipougua, nilimwomba Mungu amvute arudi kwetu, hivyo hivyo, kama kwa kamba. Tulimzika wakati wa masika. Kwa miaka mingi niliihesabu sala ile kuwa imepotea, maana niliitafuta pale pale nilipoielekeza. Wala sijifariji kwamba kifo kile kilikuwa chema. Ila kaka yangu, ambaye hatukuwa tumesemezana kwa miaka sita, alikuja mazikoni usiku, amelowa, akalala kwangu. Hakuondoka tena. Maharage yake na yangu yanapakana, na mpaka wenyewe tuliupanda pamoja.