Miguu Isiyovimba

Somo: Kumbukumbu la Torati 8:2–14

Musa alikuwa na shuhuda za kutosha. Aliposimama katika nchi ya Moabu kuwakumbusha Waisraeli miaka 40 ya jangwani, angeweza kutaja bahari iliyogawanyika, mlima uliofuka moshi na nguzo ya moto, kisha akanyamaza, na hakuna ambaye angesema amepunguza. Lakini katika aya ya 4 anashuka mpaka mwilini. Anawaambia watazame nguo walizovaa, ambazo hazikuwachakalia, na miguu yao, ambayo kwa muda wote ule haikuvimba. Hapo hakuna bahari wala moto, kuna miguu tu, mizima kama ilivyokuwa jana.

Aya hiyo ilinishika mwaka 2019 katika mji wa Chennai, kusini mwa India, nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mdogo wangu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki pale kwa muda kabla ya kujaa tena. Figo zake zote mbili zilikuwa zimeshindwa kazi. Figo huchuja damu na kutoa maji yaliyozidi. Zikishindwa, maji hubaki mwilini, huanzia miguuni, na yasipotolewa hupanda mpaka kwenye mapafu. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo huwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara kadhaa kwa wiki, saa nne au zaidi kila mara.

Hospitali ya Muhimbili ilikuwa imeanza kupandikiza figo Novemba 2017, madaktari wetu wakisaidiana na wenzao kutoka India, lakini madaktari wa mdogo wangu waliona hali yake inahitaji kusafiri. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo kikao kilikaa kwa mjomba, huko Matombo, mkoani Morogoro. Vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba mimi ninaweza kumpa figo moja. Mjomba aliuliza maswali ya mtu mzima: shamba litalimwa na nani, na ikiwa nyote wawili hamtarudi? Kisha akasema tuliotoka tumbo moja tusirudishane nyuma. Tukaondoka na mabegi, rozari ya mama na mfuko wa unga.

Yaliyotukuta Chennai hatukuyatarajia. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekosa, na kufikia Juni mabwawa manne makubwa yanayouhudumia mji yalikuwa yamekauka. Watu walipanga foleni usiku kusubiri maboza ya serikali, kila mmoja na mitungi yake ya plastiki ya rangi nyekundu, kijani, buluu. Mwezi Julai serikali ilianza kuleta maji kwa treni kutoka Jolarpettai, zaidi ya kilomita 200, lita milioni 2.5 kwa safari moja. Mimi ni mtu wa upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ambako upepo kutoka Bahari ya Hindi hugonga mlima na kumwaga mvua hata miezi ambayo wenzetu wa upande wa pili wanatazama mawingu tu. Kwetu kijito kinapita nyuma ya nyumba. Nilisimama kwenye foleni ile na mtungi wa kuazima.

Na ndani ya chumba alilala mtu aliyekatazwa kunywa. Mgonjwa wa figo aliyekwisha kukosa mkojo hupimiwa maji kwa siku nzima, na dawa humezwa kutoka katika kiasi hicho hicho. Mdogo wangu alikuwa akilowesha midomo kwa kitambaa. Alisema, "Kaka, nikilala naota naoga mtoni." Basi tulikuwa katika mji usio na maji tukimwuguza mtu ambaye maji yangemwua, na nilipofungua Kumbukumbu la Torati nikafika aya ya 7, Musa anaisifia nchi ya vijito na chemchemi zinazobubujika mabondeni na milimani. Nilifunga kitabu. Sikuweza kuendelea siku ile.

Nilikifungua tena kwa sababu ya mama mwenye nyumba tuliyopanga. Yeye ni Mhindu, tulimwita Amma kama wote walivyomwita. Bomba la nyumba lilipokoma kabisa, aliweka mtungi mmoja mlangoni mwetu kila asubuhi, kutoka katika mitungi yake michache. Hakusema neno, na nilipotaka kumlipa aliuondoa mkono wangu. Nikarudi kwenye aya ya 3, panaposemwa kwamba Mungu aliwalisha watu wake kwa chakula ambacho wao hawakukijua wala baba zao hawakukijua. Naamini hapo ndipo moyo wa sura hii ulipo kwa mtu aliye ugenini. Mana haikuwa chakula cha nyumbani. Waisraeli walitamani samaki na matango ya Misri, wakapewa kitu ambacho hata jina lake walilazimika kuuliza, tena cha siku moja tu. Aliyeweka akiba mpaka kesho alikuta kimeoza. Mungu angeweza kuwashushia walichokizoea. Aliwapa cha kigeni, kwa mkono wa kila siku, ili wajue wanaishi kwa neno lake.

Unga wetu uliisha mapema. Tukawa tunakula wali na mchuzi mwembamba uitwao rasamu, wenye pilipili manga. Ile harufu naijua tangu utoto, maana Matombo mpilipili umepanda juu ya miti ya mashamba yetu, jirani na mikarafuu na midalasini. Asili ya mpilipili ni huko huko kusini mwa India, pwani ya Malabar. Kumbe Bwana alikuwa ametuwekea mezani kitu cha kwao ambacho kwetu tumekiita chetu. Nilimshukuru kwa pilipili ile kama nilivyomshukuru kwa figo.

Tulisubiri. Sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza biashara ya viungo vya binadamu, kwa hiyo mgeni anayempa ndugu yake figo hufika mbele ya kamati na karatasi za kuthibitisha undugu. Jumapili tulikwenda Misa. Katika kanisa dogo la mtaa wetu watu huacha ndapa nje na kuingia miguu mitupu, wazee kwa watoto, na mimi nilikuwa nikitazama miguu ile yote ikielekea altareni, imepasuka visigino, ina vumbi, haikuvimba. Sijui kama kati yao kulikuwa na aliyeishukuru. Siku moja nilifika peke yangu San Thome, katika kanisa ambako mapokeo yanasema Mtume Tomaso alizikwa. Naye alikufa ugenini, mbali na Galilaya.

Baada ya upasuaji muuguzi alimpima mdogo wangu mkojo kila saa na kuuandika kwenye karatasi. Figo ilikuwa imeanza kazi mezani pale pale. Mama yangu alipopigiwa simu akaambiwa mwanawe ana mkojo, alipiga vigelegele; majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Kisha daktari akamwambia mdogo wangu jambo ambalo hakulisikia kwa muda mrefu: kunywa, na unywe sana.

Katika chumba cha jirani alikaa mzee mmoja kutoka Tabora. Watoto wake walikuwa wamepimwa, hakuna aliyefaa. Aliposikia, alikuja akisaidiwa na mkewe, akaketi kando ya kitanda. Mdogo wangu akamwamkia shikamoo, akaona haya kuushika ule mkebe wa maji mbele yake. Mzee akamwambia, "Kunywa, mwanangu, nikuone." Akamtazama mpaka maji yakaisha. Akauliza yana ladha gani. Mdogo wangu akajibu ni baridi mpaka kifuani, na yule mzee akacheka kwa furaha isiyo na kinyongo hata kidogo. Alirudi Tabora bila figo mpya, na mwaka uliofuata tulipata habari za msiba.

Siwezi kuandika tafakari ya shukrani nikamruka mzee huyu, na Maandiko yenyewe hayaniruhusu. Nani anazungumza katika sura ya 8? Ni Musa, ambaye katika sura ya 3 ya kitabu hicho hicho alimsihi Mungu amvushe Yordani aione nchi njema, akakataliwa. Maneno yote yale juu ya vijito, ngano, zabibu, mizeituni na asali yanatoka kinywani mwa mtu anayejua hatayaonja. Anawafundisha wengine kushukuru kwa maji ambayo yeye hatakunywa. Zamani nilidhani shukrani ni jibu la mtu aliyepata. Musa ananionyesha shukrani inayomtangulia jirani yake mpaka kwenye kisima na kukaa ukingoni ikimtazama akinywa. Swali la kwa nini mdogo wangu na si mzee wa Tabora sina jibu lake, na sitalitungia. Ninachojua ni kwamba mzee alimsifu Mungu chumbani mwetu, kwa sauti, kwa ajili yetu.

Aya ya 10 inaweka shukrani baada ya kushiba. Wayahudi mpaka leo husali sala yao kuu ya chakula baada ya kula, kwa sababu ya aya hii. Na Musa anaendelea mara moja: jihadharini msije mkasahau, mkishakula na kujenga nyumba nzuri. Hatari anaiona kwenye shibe, si jangwani. Nimeielewa hofu yake tangu turudi Matombo. Kijito bado kinapita nyuma ya nyumba, kinashuka kujiunga na Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywewa Dar es Salaam. Mwaka 2022 ilipopungua, jiji zima lilikaa kwa mgawo. Sisi huku juu tunaoga, tunafua, tunamwaga. Ni rahisi sana kusahau. Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeongeza sala baada ya chakula, pamoja na ile ya kabla. Mdogo wangu ndiye anayeiongoza, akishameza vidonge vyake vya saa mbili usiku, ambavyo atavimeza maisha yake yote:

Ee Mungu Baba, tumekula na tumeshiba. Asante kwa maji tuliyokunywa leo na kwa mkojo tulioutoa. Asante kwa miguu. Mkumbuke Amma na mitungi yake, uijaze. Wakumbuke walio kwenye mashine usiku huu, Morogoro, Dodoma, Muhimbili na ng'ambo, wenye kiu. Mpe mzee wetu wa Tabora kunywa kwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.