Nia ya Risasi ya Pili

Swali nililoulizwa, ambalo nadhani wengi hulipita upesi kwa kuwa chombo chenyewe ni kidogo na mlio wake haumshtui jirani, ni hili: je, yamfalia mja amchaye Mungu kumiliki bunduki nzuri ya kutungulia makopo, akaipenda kwa uzuri wake na kuipiga kwa kujifurahisha tu, asiwe na deni lolote mbele ya Mola wake? Sisemi juu ya askari, wala juu ya mkulima alindaye mihogo yake na ngedere, kwani hao wana udhuru wao na hukumu zao zimekwisha kuandikwa. Nasema juu ya mtu aliyeshiba, aishiye katika amani, ambaye siku ya mapumziko huitoa bunduki katika ala yake ya ngozi, akaenda nayo kiwanjani kulenga shabaha, na jioni akarudi nyumbani na furaha isiyomgharimu mtu damu.

Aniulizaye ni jamaa yangu aliyelowea Marekani miaka mingi, na bunduki aliyo nayo ni ile ndogo iliyobuniwa na John Moses Browning, ikaanza kutengenezwa mwaka 1914 katika kiwanda cha Fabrique Nationale mjini Herstal, karibu na Liège, nchini Ubelgiji. Risasi yake ni ndogo, ya namba 22 kama wanavyoihesabu wao, na baruti yake huwaka kwa kugongwa ukingo wa ganda badala ya katikati. Bunduki yenyewe haifiki kilo 2 na nusu. Risasi 11 hupangwa ndani ya kitako cha mti wa jozi, moja nyuma ya mwenzake, katika mwanzi wa chuma. Na kila kifyatulio kivutwapo hutoka risasi moja, kisha nguvu ya mlipuko ule ule huurudisha mtambo nyuma na kulitupa ganda tupu chini, likaanguka karibu na miguu ya mpigaji, na kamani ikausukuma mtambo mbele pamoja na risasi nyingine iliyo tayari. Mpigaji hana la kufanya ila kuvuta tena.

Ajabu yake ya pili ni kwamba yagawanyika bila ya bisibisi wala nyundo. Mwenye kuijua huurudisha mtambo kidogo, akakisukuma kidude kilicho chini ya mtutu, akauzungusha mtutu robo ya mzunguko na kuuvuta, ukamjia mkononi; basi mkono mmoja una mtutu na mwingine una kitako na mtambo wake, vipande viwili ambavyo kila kimoja ni kama nusu mita, vikalazwa katika mkoba mdogo ambao mtu akiuona atadhani ni wa mpiga zumari. Browning aliifanya hivyo ili ichukulike kwa urahisi safarini. Kama alikusudia zaidi ya hapo hakusema, nami sitamsemea. Lakini nitaonyesha kwamba katika mgawanyiko huo mna faida kubwa kuliko ya msafiri.

Asije mtu akadhani kwamba mbunifu huyo alikuwa zindiki asiyejali. Alizaliwa mwaka 1855 mjini Ogden, katika Utah, miongoni mwa Wamormoni, mwana wa fundi wa bunduki. Na kati ya mwaka 1887 na 1889, hali kazi yake imekwisha kushamiri, aliiacha karakana akaenda Georgia kuihubiri dini yake. Alifariki tarehe 26 Novemba 1926 huko huko Herstal, kiwandani, kazi ikiwa mikononi. Pamoja na hayo, kutoka katika akili hiyo hiyo zilitoka bunduki za rashasha zilizofyeka watu katika vita viwili vikuu, na kutoka katika kiwanda hicho hicho ilitoka bastola ya mwaka 1910 ambayo Gavrilo Princip aliishika mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, ikawa sababu ya kuwaka dunia nzima, na mwezi wa Agosti uliofuata majeshi ya Kijerumani yakauteka mji wa Liège wenyewe. Mwaka ulioizaa bunduki ya makopo ndio mwaka huo.

Yako maneno yapendwayo sana na wenye silaha, kwamba chuma hakina dhambi na dhambi ni ya mkono. Kwa kadhi maneno hayo ni sahihi, maana hajapata kadhi kulifunga jambia. Lakini kwa mtu aichunguzaye nafsi yake hayatoshi, kwani kila chombo huja na ushauri wake, na ushauri huo ni ule wepesi ambao fundi aliutia ndani yake. Gobore la wazee wetu lilimshauri mtu asubiri. Alimimina baruti, akashindilia kwa ufito, akatia risasi, akaweka fataki, na baina ya mlio wa kwanza na wa pili alikuwa na wasaa wa kuwakumbuka babu zake mpaka wa saba. Hata bunduki ya kuvuta komeo kwa mkono bado yampa mtu kazi fulani, na katika kazi ile mna pumzi. Hii ya Browning imeiondoa kazi, na pumzi ikaondoka nayo. Ushauri wake ni kuendelea.

Hapo ndipo ilipo masala yenyewe, nayo ni masala ya nia. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi twajua tangu chuoni kwamba nia ina mahali pake: mwenye kutawadha huiambatanisha na kuosha sehemu ya kwanza ya uso, mwenye kusali huikutanisha na takbira ya kuhirimia, na mwenye kufunga Ramadhani hunuia kila usiku, kwa kuwa kila siku ya mwezi ule ni ibada iliyosimama peke yake, na ikiharibika ya leo haiiharibu ya jana. Wafuasi wa Imamu Malik wao wameona kwamba nia moja usiku wa kwanza yatosha mwezi mzima, maadamu mfululizo wake haukukatika. Kupiga makopo si ibada, nalijua hilo, wala simtaki mtu atamke nia kwa kila ganda liangukalo. Lakini khitilafu hii ya maimamu yatufaa sana kwa kulipima jambo letu. Je, mtu alizijaza risasi 11 kitakoni, akanuia kheri na usalama mara moja, amekwisha kunuia kwa zote? Au kila moja yataka moyo wake?

Mimi katika hili nabaki Mshafi. Risasi haimo katika mfululizo pindi itokapo mdomoni mwa mtutu. Ina njia yake na mwisho wake, na ijapokuwa uzito wake haufiki gramu 3, yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, ikampata mtu ambaye mpigaji hakumwona wala hakujua kwamba yupo. Tena sharia haikumsamehe kabisa aliyeua kwa bahati mbaya, bali imemwekea diya na kafara juu yake, ikatufunza kwamba kule kusema sikukusudia hakufuti kila kitu. Ikiwa risasi ya tano yaweza kuhesabiwa peke yake, basi na nia yake ipatikane peke yake.

Wanachuoni wa Kihanafi walisema jambo jingine lililo karibu zaidi na hili. Katika mlango wa uwindaji, wao waliona kwamba jina la Mwenyezi Mungu hutajwa juu ya chombo kitupwacho, kwa hiyo mwindaji akilitaja juu ya mshale mmoja, kisha akauweka na kutupa mwingine bila ya kulitaja tena, mnyama aliyempiga kwa huo wa pili hawi halali. Fikiri, ewe msomaji, ule mshale alikuwa akiuona, ameushika kwa vidole vyake, na kuubadilisha kulikuwa tendo alijualo. Risasi ya bunduki hii mpigaji haioni. Yatoka katika giza la kitako na kujiweka mahali pake yenyewe, na mshale wa pili umekwisha kuwa juu ya upote kabla ya wa kwanza kufika.

Nimeyashuhudia hayo kwa macho yangu, nilipomtembelea jamaa huyo huko katika vilima vya Pennsylvania. Alipanga makopo ya nyanya juu ya gogo, nyuma yake pana kilima cha udongo wa kuzuia risasi, akalala kifudifudi, akavuta pumzi na kuitoa nusu, akaizuia, kisha kidole kikavuta taratibu mno hata mimi niliyekuwa pembeni sikujua ni lini kitafika. Kopo lilianguka. Risasi ile, naweza kuishuhudia, ilikuwa na mwenyewe. Kopo lilipoanguka likabiringika, naye akaliandama, akapiga ya pili na ya tatu na nyinginezo bila ya kuvuta pumzi, kopo likiruka na yeye akicheka, mpaka mtambo ukalia mtupu. Nikamwuliza, “Hii ya mwisho ulilenga wapi?” Akafikiri kidogo, akanijibu kwa ukweli alio nao, “Maalim, hiyo sikuilenga. Ilikwenda tu.”

Sikumlaumu kwa mchezo. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, aliuhesabu mchezo wa kulenga shabaha miongoni mwa michezo isiyo ya upuuzi, pamoja na kumfundisha farasi na mtu kucheza na mkewe, na amepokewa akimkemea aliyejifunza kulenga kisha akaacha. Alichokataza ni kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Na Ibn Umar alipowapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakimpiga mishale, nao wamekubaliana na mwenye ndege kwamba kila mshale utakaokosa ni wake, waliposikia ni yeye walitawanyika. Kopo la nyanya halina roho. Ila hapa nina neno dogo la pembeni: bunduki hizi zile za bei kubwa huchongwa nakshi ubavuni, na nakshi yenyewe mara nyingi ni ya kindi na ndege, yaani wale wale ambao risasi yake yawatosha kuwaua. Mchongaji wa Herstal alikuwa na mkono uliobarikiwa, na kindi wake utadhani atakimbia. Nami kila nikimtazama nashindwa kujua kama ameheshimiwa au ametiwa alama.

Nirudi kwenye vipande viwili. Adabu ya silaha katika hadithi, ukizikusanya zote, ina shina moja: chombo kikiwa baina ya watu kiwe katika hali isiyoweza kudhuru. Mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vigumba. Upanga usipokezanywe hali umechomolewa. Asimwelekezee mtu nduguye chuma, hata kwa mzaha, kwani hajui huenda Shetani akauvuta mkono wake. Hakuna katika hayo lililomkataza mtu kumiliki. Yote yanahusu ule wakati ambapo silaha haina kazi. Na mtutu uliotolewa katika mtambo wake ni zaidi ya upanga uliotiwa alani, maana upanga ndani ya ala ungali upanga, lakini mtutu peke yake ni bomba, na kitako peke yake ni gogo lenye kamani ndani yake. Ili iwe silaha tena lazima mtu aamue, atumie mikono miwili, azungushe robo ya mzunguko mpaka isikike imeshika. Ile pumzi iliyoondolewa baina ya risasi na risasi yapatikana hapa.

Nimepingwa kwamba kuiunga hakuchukui muda wowote, na mwenye mazoea aweza kufanya hivyo gizani. Ni kweli. Lakini nia nayo haitaki muda mrefu. Takbira ni maneno mawili, na baina ya mwanzo wake na mwisho wake mtu huingia katika sala au hubaki nje. Kinachotakiwa ni tendo ambalo mtu hawezi kulifanya bila ya kujua kwamba analifanya, na hilo lipo.

Tangu miaka ya sabini bunduki hii hutengenezwa Japani, katika kiwanda cha Miroku, nchi ambayo kwa kawaida raia hapewi ruhusa ya kumiliki bunduki ya risasi moja moja mpaka awe amekaa na ile ya marisau kwa miaka 10 bila ya doa. Sisemi kila dola iige hivyo, kwani kila watu na mazingira yao; nasema kwamba waundao chombo hiki wanaishi chini ya sheria iliyoona kwamba subira yapaswa kutangulia chombo.

Basi jawabu langu kwa jamaa yangu ni kwamba yajuzu kuimiliki, na kuipenda kwa uzuri wake si haramu, maadamu mapenzi hayo hayamfanyi aione kuwa pambo. Ikae nyumbani vipande viwili, kila kimoja kikifungiwa mahali pake, na risasi mahali pa tatu. Kiwanjani atie risasi moja tu kila mara, mpaka atakapoweza kuniambia kwa hakika ya 11 aliilenga wapi. Na kuhusu mwanawe, ambaye sasa amebaleghe na anaitamani, asimkabidhi kamwe ikiwa imeungwa: ampe mtutu, amwache aukague na kuusafisha, kisha ndipo ampe kitako, na kijana aiunge mwenyewe mbele ya baba yake. Kama kijana hana subira ya hilo, bunduki iuzwe. Thamani yake bado ni nzuri.