Adabu za Sinia la Nyumbani

Wanangu, siku hizi kila wakikaa watu wazima, mazungumzo hayakosi kufika kwenye chakula cha mama. Mmoja atataja wali wa nazi na mchuzi wa papa, mwingine muhogo wa nazi, wa tatu mseto wa choroko na samaki wa kukaanga. Nafurahi kusikia. Lakini ukiingia majumbani mwao, sinia limekwishahama, kila mtu na sahani yake na pembe yake, na aliyepika hana wa kumwambia ahsante. Chakula kile hakikuwa kitamu kwa nazi peke yake. Kilikuwa na adabu zake, na anayekililia huku adabu amezitupa, huyo hajakijua alichokipenda.

La kwanza, nanyi wanaume ndio nawaambia: usimpige mkeo kwa mwiko wa mama yako. Hili linanikera kuliko yote. Mtu kapikiwa, kaandaliwa, kakaribishwa; anatia tonge moja kinywani, anaguna, kisha: “Mama alikuwa hapiki hivi.” Haya, mama alikuwa akipikaje? Muulize, hajui. Basi nikwambie. Kilo 1 ya mchele yataka nazi 2. Nazi hukunwa kwenye mbuzi, ikatiwa maji ya vuguvugu, ikakamuliwa kwa kifumbu. Tui zito likawekwa kando. Chicha ikarudiwa kwa maji mengine, na hilo tui jepesi ndilo linalotangulia chunguni pamoja na chumvi. Mchele ukikaribia kukauka ndipo tui zito linapomiminwa, wali ukageuzwa, ukafunikwa, ukapaliwa makaa juu ya kifuniko. Makaa yakizidi juu, wali waungua mgongo. Yakizidi chini, ukoko mnaougombea unageuka masizi. Mama yako hakuzaliwa na kipimo hicho. Alianza naye kwa wali bokoboko, akasemwa na wakweze, akavumilia, mpaka mkono ukakaa sawa. Wewe ulimkuta amekwishafuzu. Mkeo mpe muda huohuo, na kama wali wa mama umekushika roho, mbuzi ile pale, kaa ukune.

La pili, adabu za kula pamoja. Nawa. Taja jina la Mungu. Kula kwa mkono wa kulia, na kula mbele yako.

Kitoweo cha katikati hakirukiwi. Mkubwa ndiye anayemmega samaki, akamtoa miba na kumsogezea kila mtoto fungu lake. Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono. Kwenye sinia sote ni vipofu wa fungu la mwenzetu, ala! Mkono wako waendea nini upande wa pili?

Na mkubwa naye ana deni lake. Asiwe wa kwanza kunawa. Akinawa yeye, watoto huona haya kuendelea, wakainuka na njaa. Wazee waliotulea walikuwa wakishashiba hubaki wakidonoa punje mojamoja, wakizungumza, mpaka mdogo wa mwisho atosheke. Mnaoinuka mbio kuwahi mpira kwenye televisheni, mtazameni mtoto mnayemwacha nyuma.

La tatu, simu isikae mkekani.

La nne, chakula hakitiwi kasoro. Hapa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele uligawiwa kwa kipimo, na nyumba nyingi zikawa zinashinda na kulala kwa muhogo, ndizi na viazi vitamu. Mama zetu hawakukaa wakalia. Walichukua muhogo uleule wakaupika kwa tui, wakaugandamizia kipande cha ng'onda, pilipili mbichi na ndimu, wakaondoka na siku. Leo mtu mzima anautaja muhogo ule na mate yanamjaa, na mwanawe akiwekewa anausukuma kando akitaka chipsi, naye anamnyamazia. Usimnyamazie. Mwambie kwa upole ulikotoka muhogo huo, na kesho mpikie tena. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna huruma na mchaguzi wa chakula.

La tano, jirani. Zamani mwezi wa Ramadhani, magharibi haijaadhiniwa, watoto walikuwa wakipishana vichochoroni na sahani zilizofunikwa kawa: tambi zikienda huku, vibibi vikija huku. Na chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata kama ulichonacho ni maembe mawili. Siku hizi sahani ya jirani inapokewa kwa mkono mmoja, inakaa kabatini wiki tatu, kisha inaulizwa: “Hii ya nani?” Aibu! Kizuri kula na nduguyo, na nduguyo ni yule anayesikia harufu ya chungu chako.

La sita, apikaye ashukuriwe kabla hujanawa.

La mwisho, jifunzeni wakati mafundi wapo. Kumpigia mama simu ukamuuliza vijiko vingapi ni kumsumbua bure, maana yeye hapimi kwa kijiko, hupima kwa jicho na kiganja. Nenda ukasimame kando yake. Tazama anavyokoroga mchuzi bila kuacha mkono ili tui lisikatike, tazama anapoonja na anaponyamaza. Na mpelekeeni watoto wote, wa kiume na wa kike. Mvulana akijua kukamua tui hapungukiwi kitu. Aliyefiwa na mama, amtafute mama mdogo au shangazi, kwani mkono ule umo bado ndani ya ukoo. Na ukishajua, mpikie yeye kwanza, umwandalie, umnawishe mikono, ukae naye ule. Sifa za mdomoni amekwishazisikia nyingi. Sasa ni zamu yake kupakuliwa.