NI NANI AMESHIKA GODORO LAKO?

Kijana mwanafunzi, na wewe mzazi uliyepewa karatasi hii, simama kidogo usome.

Mimi niliishia darasa la saba, hesabu siwezi kukufundisha. Lakini kijiwe nakijua! Nilikaa huko miaka minne, nikavuta bangi mpaka macho yakawa kama pilipili. Na siku ya kwanza hakuna aliyenipa bangi. Walinipa karanga, wakanisogezea benchi, wakaniita "mwanetu". Nyumbani hakuna aliyekuwa ananiita hivyo.

Soma 2 Samweli 13. Amnoni mwana wa Daudi alikuwa na tamaa moyoni, lakini njia hakuwa nayo. Njia alipewa na rafiki, Yonadabu, tena ndugu yake wa ukoo. Akamfundisha ajifanye mgonjwa. Tamari akaharibiwa, na baada ya miaka miwili Amnoni akauawa. Yonadabu je? Mstari wa 32 yuko mbele ya mfalme, mzima, anaeleza habari za msiba! Ndiyo marafiki hao. Wanakupa shauri, kaburini unaenda peke yako.

Sasa na mimi nitubu. Katika mkutano mmoja kijana wa kidato cha pili alikuja mbele analia. Tukamwombea, vigelegele vikapigwa. Jumatatu nikamkuta kijiweni palepale! Nikamkemea. Akaniambia, "Mtumishi, mlinitoa kwa hawa, halafu mkanipeleka kwa nani? Shuleni saa nne sina mwingine wa kula naye mihogo."

Neno hilo lilinichoma, sikulala. Kesho yake nikatafuta vijana wawili wa CASFETA pale shuleni kwake. Nikawaambia, msianze kumhubiria, nendeni mkale naye mihogo. Wakala naye. Wakambebesha spika za kwaya, jioni wakawa wanafanya naye hesabu. Mara mbili alirudi kijiweni, mara mbili walimfuata, tena bila kumsema. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya.

Yule mwenye kupooza wa Marko 2 hakutembea kwenda kwa Yesu. Watu wanne walishika godoro lake, na mlango ulipojaa watu wakatoboa dari. Hebu jiulize, wako wanne ni nani? Na wanakupeleka wapi?

Mzazi, usiseme tu "achana nao" ukadhani umelea. Mtoto hawezi kuacha watu akabaki na ukuta. Wajue marafiki zake kwa majina. Yule mwenye tabia njema mkaribishe ale ugali kwako.

Na ninyi wapendwa wa CASFETA na UKWATA, mbona mnakaa wenyewe kwa wenyewe, wasafi na wasafi? Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua kurudi shuleni. Anarudi, wenzake wanamcheka. Nani kati yenu, dada, atakaa naye dawati moja?

Kijana, kama unataka kutoka, sema kwa imani: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekaa mahali pabaya na nimechoka. Nioshe kwa damu yako. Nipe na watu wa kunishika. Amina."

Usiondoke uwanjani peke yako. Mfuate aliyekupa karatasi hii, mwambie unasoma shule gani na kidato cha ngapi.